Petali ya Bwaise

"Korongo, hapa Kiota. Dhahabu ya magendo imevuka mpaka. Dereva anasomea njia kwenye nembo ya Chanua, lebo ya muziki. Kamata mchoraji wa nembo."

"Korongo nimesikia."

Kapteni Komakech aliirudisha redio kiunoni akatabasamu. Kwa miaka kumi na moja ya ujasusi hakuwahi kupewa amri tamu kama hiyo.

Mchoraji aliitwa Blaise. Mkongo wa Bukavu, mpole, vidole laini.

Ndiye aliyemchukua Akwero.

Akwero mwimbaji, mchumba wake wa miaka mitatu! Yeye Komakech alimpa pete. Blaise alimchorea ua, na ua likashinda pete. Kila akilikumbuka, roho ilimuuma upya.

Alikuwa ametoka mtaa wa Bwaise, ambako mafuriko yalimlazimisha kuikokota pikipiki yake ya Bajaj majini. Sasa aliipaisha hadi ofisi za Chanua huko Kyambogo, akapanda ghorofa tatu mbiombio, akaupiga mlango teke. Bastola ya Glock mkononi.

"Mikono juu!"

Blaise alikuwa mbele ya kompyuta. Mkono wa Akwero ulikuwa begani mwake. Pembeni Guerschom, mwenye lebo, alikuwa akimimina chai kutoka kwenye chupa.

Komakech alimfunga Blaise pingu. Alizikaza kuliko ilivyohitajika.

"Mukubwa, ile ua ya nembo inajichora yenyewe," Blaise alisema. "Mie niliandika programu tu. Kila petali ni mutaa moja. Wasikilizaji wakiongezeka, petali inarefuka. Kila saa inachora upya."

"Afande, mimi ni mtu wa muziki tu," Guerschom alidakia. "Hizo kompyuta ni zake. Wewe mpeleke."

Akwero alimkazia macho Komakech. "Kom, umekuja kwa kazi ama kwa wivu?"

"Kazi."

Uongo mtupu.

Aligeukia kioo cha kompyuta. Katikati ya petali nono palikuwa na moja nyembamba kama unywele.

"Hii nini?"

"Iyo ni Naguru," Blaise alijibu. "Ni mutu mumoja tu. Kila alfajiri anasikiliza wimbo wa Akwero mara makumi mbili. Hatumujue."

Komakech aliishi kambi ya Naguru. Alikohoa. Akwero aliendelea kumtazama.

Saa nne kamili.

Ua lilijikunja, likachanua upya. Petali ya Bwaise iliruka hadi ukingoni mwa kioo.

Redio ilikoroma. "Korongo, lori la dhahabu limeondoka Kawempe sasa hivi. Linashuka Bwaise."

Kumbe petali ndefu maana yake njia nyeupe.

Komakech akatazama buti zake. Zilikuwa bado zinachuruzika maji. Bwaise hakukuwa na umeme tangu alfajiri. Maduka yamefungwa, watu wamejitwika magodoro. Nani alikuwa akisikiliza muziki kule?

Angeweza kunyamaza. Pingu zilikwisha fungwa. Blaise angeozea rumande, Akwero angelia, halafu machozi yangekauka. Hakuna ambaye angeuliza habari za buti. Aliliwaza hilo, na tuseme kweli, lilimpendeza.

"Hesabu ya Bwaise inatoka wapi?" aliuliza hatimaye. Maneno yalimtoka kwa shida, kama mtu anayejing'oa jino.

"Iyo peke yake haitoke kwa mutandao," Blaise alisema. "Kule watu wanajaziwa nyimbo kwa memori kadi kwenye vibanda. Guerschom anapigia wenye vibanda simu, kisha anaingiza hesabu kwa mukono."

"Bwana Guerschom. Leo umewapigia?"

"Wote, afande! Wanasema vibanda vimejaa watu, banange, jamani!"

"Vibanda vimejaa maji."

Njia ya mwongo ni fupi. Guerschom alirusha chupa ya chai. Komakech aliinama. Chupa ilipasuka ukutani.

Guerschom alichomoka kwa ngazi za nyuma. Komakech aliruka vidato sita kwa mpigo, akamchota mtama. Glock ikamgusa sikio.

"Nani alikwambia njia ni nyeupe?"

"Askari mmoja... alisema wameondoa kizuizi cha barabarani Bwaise."

"Hakukwambia kwa nini?"

Guerschom alifumba macho.

Redio tena. "Korongo, lori limezama Bwaise hadi kwenye viti. Dereva yuko juu ya paa anaomba aokolewe. Dhahabu tunayo."

"Mpeni taulo," Komakech alisema.

Alimkabidhi Guerschom kwa askari waliofika, kisha akapanda tena kumfungua Blaise. Pingu zilikuwa zimeacha alama nyekundu.

"Aksanti, mukubwa."

Akwero aliushika ule mkono akaupuliza taratibu. Zamani alimpulizia Komakech majeraha hivyo hivyo. Komakech aligeuka upesi.

Akwero alimfuata hadi kwenye ngazi. "Kom, ungeweza kumwacha afungwe."

"Ningeweza."

"Na yule wa Naguru..."

"Naguru kuna watu wengi, Akwero."

Alishuka bila kugeuka. Chini, kabla ya kuvaa helmeti, alitoa simu akautafuta ule wimbo. Kidole kilisita. Kisha akaufuta.

Asubuhi iliyofuata alipita Wandegeya, mbele ya bango kubwa la umeme. Ua la Chanua lilikuwa limechanua petali za mitaa yote isipokuwa ya Naguru. Komakech alishusha kioo cha helmeti, akaongeza mwendo.