Nilimtolea Ushuhuda, Konea Ikaharibika

Nina miaka thelathini na sita, wasomaji wenzangu. Nimekimbia vita kijijini kwetu Fataki, nimezika mume... lakini kinachonitesa zaidi ni kosa langu mwenyewe.

Binti yangu Neema alizaliwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alipofikisha miaka mitatu alipasuliwa hapa Bunia. Akaona! Daktari alinisisitizia nimrudishe kila baada ya miezi michache, kwa miaka mingi. Alisema jicho la mtoto likishapasuliwa, presha yake inaweza kupanda, na konea, kile kioo cha mbele, ikachoka polepole. Niliitikia kwa kichwa tu.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani kwetu Nyakasanza kutoa ushuhuda. Nikasema Mungu amemponya kabisa, kazi imekwisha! Vigelegele vikapigwa. Basi nikajiona mtu mkubwa, hata daktari sikumtaja.

Baada ya maneno yale, ningerudije hospitali? Kiongozi wa wamama wa maombi aliposikia nina miadi, alinikazia macho: "Mama Neema, weye unataka kufanya Mungu muongo?"

Niliona haya. Karatasi ya daktari nikaificha chini ya godoro.

Miaka ikapita. Neema akiwa na miaka kumi, alianza kukimbia jua, macho yakimtoka machozi. Nikasema ni vumbi la Bunia, nani halijui? Mpaka mwalimu akaniita: mtoto hasomi tena ubaoni.

Tukiwa njiani kurudi, Neema alinishika kitenge. "Mama, iko sawa na moshi mu macho. Iko siku mingi. Niliogopa watu watasema ulidanganya mu kanisa."

Jamani! Mtoto mdogo alikuwa ananilinda mimi!

Nilimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Konea ya jicho la kulia ilikuwa imevimba, nyeupe kama maziwa, na presha ilikwisha kuua mshipa wa nyuma ya jicho, ule unaopeleka picha kwenye ubongo. Jicho hilo halitaona tena. La kushoto nalo limeanza ukungu. Daktari hakunigombeza... afadhali angenigombeza!

Mficha uchi hazai, wazazi wenzangu. Mshukuruni Mungu kwa sauti yote, lakini mtoto aliyepasuliwa macho arudishwe kwa daktari, hata kama haumwi, hata kama watacheka. Nawaomba sana!

Kila asubuhi nikimwekea matone ya dawa, Neema ananiuliza, "Mama, hii jicho moya itabaki?"

Namjibu sijui. Sitaki kumdanganya tena.