Punje Zisizojua Kukoma

Tope lilipita kwenye ufa wa kisahani cha chuma kwa kishindo, likachuruzika ndani ya beseni, kisha likakatika ghafla. Sekunde nne tu. Nyuma ya kioo, wageni wa kampuni ya uchorongaji wa visima wakapiga makofi.

"Zimepotea mililita thelathini," ilitangaza Karani, akili bandia iliyoendesha maabara na kuandika kila kilichotendeka humo. "Ufa umezibwa."

Kazi hiyo ilifanywa na punje-zibo, uvumbuzi wa Dkt. Tusekile Mwaijande. Tangu miji ya nyanda za juu ianze kuendeshwa kwa joto la ardhini, wachorongaji walikuwa na kilio kimoja: tope wanalosukuma kisimani kupoza keekee, ile ncha inayotoboa mwamba, lilitorokea kwenye nyufa za mwamba, na kisima hakikushiba. Walijaribu maganda ya karanga, pumba, hata karatasi. Wapi! Punje za Tusekile zilinusa kule maji yanakokimbilia, zikayafuata, zikavimba na kushikana. Tena hazikuyeyuka kwa tindikali yoyote, na hilo ndilo wanunuzi walilolipenda kuliko yote. Kisima cha kwanza kilikuwa kimeshazibwa; alasiri hiyo wangetia saini mkataba wa vingine ishirini.

Tusekile aliwapungia mkono, akatabasamu. Moyoni alikuwa anajisuta.

Pale maabara kila jaribio lilidumu nusu saa, kisha kisahani kilisuguliwa kwa brashi ili mwingine apate zamu, maana mtambo ulikuwa mmoja na foleni haikuisha. Ndivyo walivyozoea, na hakuna aliyewahi kuuliza punje hufanya nini saa ya pili. Lakini Ijumaa moja ya mwezi wa tatu Tusekile aliwahi harusi ya binamu yake, akasahau kisahani mtamboni. Jumatatu alikuta punje zimepenya upande wa pili, zimetambaa ndani ya mpira wa maji mita tatu nzima, zimeziba mdomo wa tangi. Alisimama akilitazama lile tangi mpaka miguu ikafa ganzi. Kisima cha kwanza kilikuwa kianze kuchorongwa baada ya siku tisa. Akachukua brashi.

"Niandikeje?" Karani iliuliza.

"Andika tangi lilikuwa chafu."

Wageni walipokwenda kula, mlinzi alimleta mama mmoja aliyebeba mfuko wa plastiki. Alikuwa Mama Subilaga, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji cha Isabula, bondeni chini ya kisima kile cha kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Samahani kukusumbua. Chemchemi yetu imekauka. Tumechimba pale jichoni, maji yanapotokea, tukakuta hili dude, jembe linadunda tu. Nikaambiwa hapa kuna wataalamu wa mawe."

Aliweka mezani bonge la kijivu. Tusekile hakuhitaji kuligusa ili alitambue.

"Nilipime?" Karani iliuliza.

"Hapana." Akamgeukia mama. "Hiyo itakuwa cho..."

Alitaka kusema chokaa. Neno dogo tu, na mama angekwenda zake, na saini zingetiwa.

"Asante hata kwa kunipokea," Mama Subilaga alisema, akikaa vizuri kitini. "Kwingine kote nimeishia getini. Watoto sasa wanafuata maji mtoni, kwenda na kurudi ni nusu siku. Shule wameisahau."

Aibu ilimpanda Tusekile hadi masikioni. Akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Karani, andika haya ninayosema, na uwasomee wageni kabla hawajatia saini. Mama, hili si jiwe. Nimelitengeneza mimi. Liliwekwa kisimani lizibe nyufa, likafuata maji mpaka kwenu."

Mama Subilaga alilitazama lile bonge, kisha akamtazama yeye.

"Basi umelijua. Linatolewaje?"

"Halitoki, mama. Tindikali hailiyeyushi, na sijawahi kutafuta kitu kingine cha kuliyeyusha. Na nilijua linatembea. Niliona hapa hapa, nikalisugua, nikanyamaza."

"Uliona lini?"

"Mwezi wa tatu."

Mama Subilaga hakupaza sauti. Alihesabu kwa vidole, taratibu, akarudia tena ili awe na hakika.

"Mwezi wa tatu," alisema, "tulikuwa bado tunachota."