Kila Jioni Kijani

Kila siku ya shule saa kumi na nusu jioni, Romana alivua sare, akala wali uliobaki mchana, kisha akaingia ofisini kwa mama yake. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao ya Makanyagio, chenye meza moja, kompyuta moja na mabomba ya plastiki yaliyosimamishwa pembeni. Mama yake, Bi. Specioza, alikuwa na kampuni ya kuchimba visima. Kampuni hiyo ilikuwa imemchosha hata sauti ikamkauka kwa kupiga simu: nani yuko wapi, nani hana saruji, nani amemaliza.

Ndiyo maana aliamua kutafuta programu ya kupanga kazi. Alijaribu mbili kwa wiki mbili, na Romana, mwanafunzi wa darasa la saba anayeijua kompyuta vizuri, akapewa kazi ya kuzifuatilia na kusema ipi inafaa.

Ya kwanza ilitumiwa na mafundi waliochimba kisima kijijini Magamba. Jioni simu iliwauliza, "Kazi inaendeleaje?" Fundi alibonyeza kijani kwa nzuri au nyekundu kwa mbaya, basi. Ya pili ilitumiwa na mafundi wa kisima cha Shanwe, nayo ilitaka fundi arekodi maneno yake. Fundi Anselmo hakuwa mtu wa maneno machache. Alisalimia, akaulizia watoto, akalaumu jua, ndipo akaingia kwenye kazi. Romana alimsikiliza huku kichwa kikimwangukia mezani. Ya Magamba aliipenda, maana ilikuwa kijani kila jioni na haikumpotezea hata dakika moja.

Jumanne, rafiki yake Nyanzala anayetoka Magamba alimwambia shuleni kwamba bomba la kisima chao limepasuka, na mafundi wamekaa kivulini siku ya nne sasa. Romana alishtuka. Kisima hicho kilitakiwa kutoa maji Ijumaa, la sivyo kijiji kingeipa kampuni nyingine kazi ya visima viwili vilivyobaki. Lakini alikuwa ameshamsifia mama programu ya kijani. Akisema kweli, majaribio yangeanza upya, na yeye angemsikiliza Anselmo wiki nyingine. Alikuwa amechoka jamani. Akanyamaza Jumanne, akanyamaza Jumatano.

Alhamisi mama alishika kalamu ajaze fomu ya kuichukua programu ya kijani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, lakini alitabasamu, na tabasamu hilo lilimuuma Romana kuliko kofi.

"Mama, usijaze," alisema. "Magamba hakuna kazi inayofanyika. Bomba limepasuka tangu Jumamosi iliyopita. Nilijua toka juzi."

Mama aliweka kalamu chini. Alichukua bomba jipya, akaita bajaji, wakaenda wote wawili Magamba.

Fundi mkuu, mzee Malale, aliwapokea kwa adabu zote. Alipoonyeshwa zile rangi za kijani, alishangaa kuambiwa kwamba kuna kosa.

"Simu iliniuliza kazi inaendeleaje, mama," alisema. "Sasa mtu akikujulia hali, unaanzaje na mbaya? Unasema nzuri kwanza. Nikangoja aulize la pili, hakuuliza. Nikasema nyie mtanipigia, kama siku zote."

Mama alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka. Nani kati yao asiyejibu nzuri, hata akiwa na homa? Palepale alimpigia mwenyekiti wa kijiji na kumweleza yote bila kuficha. Mwenyekiti alinung'unika, kisha akawaongezea siku mbili. Jumapili watu walipotoka kanisani walikuta maji yanatoka.

Programu iliyochaguliwa ni ile ya Shanwe. Mtu akishasema nzuri, ilimwachia nafasi ya kusema "ila".

Jumatatu jioni mama alimwita Romana.

"Mzee Malale alizuiwa na heshima. Wewe ulizuiwa na nini?"

"Uchovu, mama."

"Hata mimi nimechoka, mwanangu. Lakini uchovu unalala nao, asubuhi umekwisha. Ukweli ulioufunika unaamka nao, tena umekua. Ungeniambia Jumanne, Magamba wangekunywa maji Ijumaa."

Romana alivuta kiti, akawasha kompyuta, akaanza kumsikiliza Anselmo tangu salamu.