Kibodi Chini ya Nailoni

Upepo wa Makambako hauna likizo. Ukivuma, vumbi huingia dukani bila hodi. Ndiyo maana Oktavia, mchapaji wa steshenari karibu na stendi, aliifunika kibodi yake kwa nailoni nene. Alichapa juu ya nailoni hiyohiyo, na batani hazikuitika mpaka azigonge kama anaua siafu.

Asubuhi moja, hapohapo dukani, alimmiminia mama yake chai. Alipomnyooshea kikombe, vidole vya mkono wa kulia vikafa ganzi. Kikombe kikaanguka, na chai ya moto ikamwagika karibu kabisa na miguu ya mama.

Mama Telesia, aliyekuja kumtembelea kutoka Iwawa, hakukasirika. Aliogopa. Alisema ni baridi imeingia kwenye mifupa, akamfunga kifundo cha mkono kwa kitambaa cha sufu mpaka kikabana.

"Ukizidiwa, mwanangu, turudi nyumbani tukalime viazi."

"Na jembe nitalishika kwa mkono gani, mama?"

Mezani kulikuwa na mitihani ya shule nzima, na mwalimu mkuu aliitaka haraka. Lakini Oktavia hakuogopa mitihani. Aliuogopa mkono wake. Aliendelea kuchapa huku machozi yakimlenga.

Mchana akaingia Feliciana, mtaalamu wa viungo katika hospitali moja ya Njombe, kutoa nakala. Alimtazama Oktavia akichapa, akasahau karatasi zake.

"Mdogo wangu, hebu simama kwanza. Mkono unakufa ganzi?"

Oktavia akakubali. Feliciana akabonyeza batani moja juu ya nailoni, akatikisa kichwa.

"Hapa huchapi, unapiga ngumi. Tena kibodi umeipandisha juu ya bunda la karatasi, vifundo vinapinda kutwa nzima. Mshipa wa fahamu unabanwa. Na hiki kitambaa kinaubana zaidi."

Mama Telesia akauliza kama si baridi. Feliciana akamjibu kwa upole kwamba baridi huongeza maumivu, ila hapa chanzo ni uchapaji. Alimwambia Oktavia apumzike, aende hospitali akapimwe, kisha atafute kibodi fupi kwa kimo, yenye batani laini, inayoacha vifundo vinyooke.

"Na nisipoacha?"

"Kidole gumba kitapoteza nguvu. Usingoje kifike huko."

Oktavia alimpigia mwalimu mkuu akamweleza ukweli. Mwalimu akasema nusu ya mitihani ataipeleka kwingine. Ilimuuma Oktavia, lakini alishukuru.

Kesho yake mama na mwana walikwenda Njombe. Walipotoka hospitali waliingia duka la kompyuta la Brayson. Mama alipenda kibodi nene yenye taa za rangi. Oktavia akafumba macho, akachapa juu yake sala ya Baba Yetu. Kabla ya "mkate wetu" kifundo kikauma. Akajaribu ya pili, batani zikazama kama vidole kwenye ugali. Akaanza kukata tamaa.

Brayson akatoa nyingine, fupi, iliyogawanyika katikati kama kitabu kilichofunguliwa. Mikono ikatulia juu yake, imenyooka. Batani ikashuka kidogo tu, ikaitika, ikarudi. Oktavia alichapa bila kugonga, taratibu, mpaka Amina. Akafumbua macho na kucheka.

Kibodi peke yake haikumponya. Alipumzisha mikono mara kwa mara, akafanya mazoezi ya vidole, akarudi hospitali kila alipoitwa. Ganzi ikapungua polepole. Muhula uliofuata mitihani yote ikarudi kwake.

Mama Telesia alipokuja tena, alitoa nailoni mpya kwenye mkoba.

"Vumbi, mwanangu."

"Asante, mama. Tutaifunika kibodi nikifunga duka. Nikichapa, inakaa wazi."

Kisha Oktavia akamimina chai mpaka ukingoni, akamnyooshea mama kikombe kwa mkono wa kulia. Mama hakukipokea upesi. Alivitazama vile vidole. Chai haikutikisika. Ndipo akakipokea kwa mikono miwili.