Anayeitika Kila Jina

Karani wa masjala ya hospitali alitafuta faili la mtoto mchanga kwenye kompyuta, akaletewa la bibi kizee. Akaandika jina jingine. Bibi yule yule.

"Dada Fundi, njoo uone kiherehere. Naita watu wote, anaitika huyu!"

Fundi wa kompyuta hakucheka. Macho yalimwasha kwa usingizi. Mama yake alikuwa wodi ya juu, hawezi hata kusema, akisubiri kupasuliwa, na daktari alitaka faili lake ajue ni dawa gani ya nusu kaputi iliyowahi kutaka kumuua.

"Nyaraka ni nzima," alisema kwa uchovu. "Kilichoharibika ni faharasa, ile inayoiambia mashine jina gani liko wapi. Umeme ulikatika ikiwa inaandikwa. Betri nimeziomba mpaka nimeota sugu ulimini, wakubwa wakanunua mapazia! Mapazia!"

"Jaribu la mama."

Akajaribu. Bibi akaja, safari hii bila tarehe ya kuzaliwa, na penye makazi pameandikwa neno moja: Hapa.

Chumba kikanuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Nyuma ya mitambo, kitu kikavuta pumzi.

"Dada," karani alinong'ona, "huyo si mgonjwa."

"Awe jini, awe hitilafu, dawa ni moja. Nafuta faharasa, mashine isome nyaraka zote upya."

"Ukimfukuza humo, ataenda wapi?"

"Popote! Mama hana muda."

Akafuta. Mashine ikaanza kusoma, faili baada ya faili, na feni zikavuma kama mtu anayelia huku amefumbwa mdomo, na ile harufu ikapanda ikawakaba koo, na karani akashika kiti akiomba chinichini, mpaka ghafla kila kitu kikanyamaza na hewa ikawa safi.

Fundi akaandika jina la mama. Faili likaja, lake kweli, na dawa imetajwa. Akampigia daktari, kisha akapanda ngazi.

"Umewahi," daktari alimwambia mlangoni. "Tulikuwa tunataka kumpa hiyo hiyo."

Fundi akainama kitandani. "Mama."

"Abee," mama aliitika akiwa amegeukia ukuta, kwa adabu ya mtoto aliyeitwa na mkubwa wake.

Fundi akarudi nyuma. Muuguzi akaita jina la mgonjwa mwingine, mwanamume wa kitanda cha mwisho.

Mama akaitika hilo pia.