Kicheko Kilichomwozesha Kadidja

— Bibi harusi hacheki, mutoto wangu. Hata inzi akikukalia puani, tulia.

Shangazi Mwasiti alisema hivyo huku akimfunika Kadidja kanga usoni. Kadidja alikuwa na neno moja tu kinywani, amelitunza tangu alfajiri: sitaki. Mashahidi wakiingia kumwuliza kama anamkubali Abasi, mfanyabiashara wa samaki wa Nyanza-Lac, angelisema mbele yao, na baba afanye atakalo.

Maana moyo wake ulikuwa kwa Amisi, na Rumonge nzima ilijua hivyo kasoro baba. Amisi alikuwa msemaji wa sinema. Gari la sinema lilipokuja na kutandika shuka jeupe ukutani, filamu zilikuwa bubu, zile fupi fupi za kuchekesha za zamani, na Amisi ndiye aliyesimama kando akiwapa watu wa kwenye picha maneno. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya fundi wa rangi mwenye ngazi. Jamaa kageuka, ngazi imempiga tajiri wake. Kainama kuomba radhi, ngazi imempiga askari. Mwisho anaporomoka hadi ndani ya pipa la chokaa, anatoka mweupe kama muhogo uliomenywa, na Amisi, kwa sauti ya mtu mkubwa, anasema: "Sijaanguka. Nimeshuka."

Loo, watu walikuwa wanashika mbavu. Na katika filamu ile kulikuwa na binti dirishani. Fundi akimpungia mkono, Amisi alisema: "Dada wa kitambaa cha kijani, nishikie ngazi, lakini usimwambie baba." Binti wa kwenye picha hakuwa na kitambaa. Kitambaa cha kijani kilikuwa kichwani kwa Kadidja, kwenye benchi la wanawake, naye alijifunika uso kwa aibu na raha.

Mwaka wa uhuru, bendera mpya hazijapauka bado, Amisi alituma wazee kuposa. Baba yake Kadidja, mzee Feruzi, aliwapa kahawa, akawasikiliza kwa adabu, kisha akasema binti yake hatamupa mutu anayekula kwa kuchekesha. Wiki tatu baadaye akapokea posa ya Abasi. Na Abasi, ili harusi isemwe mpaka Kabonga, akakodi sinema: filamu ileile ya ngazi, lakini iliyotengenezwa upya, ya rangi, watu wanasema wenyewe kwa Kifaransa. Ilioneshwa mchana kwenye depo, yaani ghala la mawese, lililopakana na nyumba ya bibi harusi, madirisha yamezibwa kwa maturubai. Hiyo haikuhitaji msemaji. Amisi alikuja kama mgeni tu, akakaa nyuma.

Mashahidi wawili wakaingia kwa bibi harusi, wakakaa karibu na mlango, macho chini.

— Kadidja binti Feruzi, umeridhika kuolewa na Abasi?

Akajikusanya kwanza. Akaulizwa mara ya pili. Upande wa pili wa ukuta kipaza sauti kikakoroma, kikafa. Watu wakalalamika, wakamwita Amisi, wakamsukuma mbele. Masikini, angekataa vipi mbele ya umati ule? Wala hakujua kwamba saa ileile Kadidja anaulizwa.

Mara ya tatu. Kadidja akavuta pumzi, akafungua mdomo. Na ile sauti ya mtu mkubwa ikapenya ukuta, ila safari hii inatetemeka:

— Sijaanguka. Nimeshuka.

Kicheko kikamtoka. Akauma kanga, kikatokea puani. Akajaribu kusema neno lake, mbavu zikamkaba. Akajaribu tena, machozi yakamtiririka, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyozidi kucheka. Jamani, mtu kushindwa na mwili wake mwenyewe.

Shahidi mkubwa akatabasamu.

— Amecheka. Mwanamwali akinyamaza ameridhika, na akicheka ameridhika zaidi. Alhamdulillahi.

Wakatoka. Shangazi akapiga kigelegele. Lakini ukuta ulikuwa mwembamba, na kile kicheko kilikuwa kimefika depo. Amisi alikitambua. Akanyamaza, fundi kwenye shuka akiendelea kupigana na ngazi bila sauti. Kisha akasema taratibu:

— Basi. Dada wa dirishani ameondoka anacheka.

Umati ukacheka sana. Kadidja alisikia yote, na sasa sauti yake ilikuwa imerudi, ila hapakuwa na wa kumsikiliza.

Ikapita miaka kumi. Abasi hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimnyima Kadidja hata mtu wa kumlaumu. Wakapata watoto wawili. Halafu ukaja mwaka wa 1972 na mauaji yake, watu wa pwani ya ziwa wakakimbilia mitumbwi. Abasi alirudi nyuma kumchukua mama yake, akamwambia mkewe atangulie na watoto. Hakufika. Aliyemzika alivuka baadaye, akaleta kofia yake. Kadidja akakaa eda kwenye kibanda cha wakimbizi, upande wa Kigoma.

Eda ilikuwa imekwisha siku watu wa misaada walipoleta sinema. Ilikuwa ile ya ngazi, ile ya rangi. Kila kishindo kilikuwa na muziki wake wa kukuambia sasa cheka. Mbele ya Kadidja mwanamume mmoja mwenye mvi hakuwa anacheka; midomo yake ndiyo iliyokuwa inacheza, ikimpa fundi maneno.

— Ile ya zamani ilikuwa muzuri zaidi, alisema Kadidja. Ilikuacha ucheke mwenyewe.

Amisi akageuka. Walichukua muda kuulizana walio hai na wasiokuwepo. Yeye hakuwahi kuoa.

— Siku ile nilisikia unacheka, alisema.

— Nilikuwa nafungua mdomo kusema sitaki. Wewe ukasema lile neno lako.

Amisi akainamisha kichwa.

— Kumbe ni miye niliyekuozesha.

Miaka kumi hairudishwi. Mwishowe Amisi akauliza, bila kumtazama:

— Nikituma watu waje kukuuliza, utacheka tena?

— Kicheko cha mujane hakihesabiwi, Amisi. Wala kimya chake. Mujane anasema kwa mdomo.

— Na mdomo utasema nini?

Kwenye shuka fundi akaporomoka ndani ya chokaa, muziki ukalia, watu wakacheka. Kadidja akangoja kelele ziishe zote, maana safari hii hakutaka neno lake limezwe.

— Nataka, alisema.