Nilimnyima Baba Pembe ya Jikoni

Nina miaka hamsini na minane, niliachwa na mume, nauza maharage Lubudi kando ya reli. Watu huniuliza kwa nini nilihama Kolwezi nikaja kukaa huku. Nitawaeleza polepole, ili mwenye baba aliye hai ajifunze bila kulipa nilicholipa mimi.

Baba alikuwa mtu wa Kasai kwa asili. Ujanani alitumikia jeshi la majini kule Kalemie, kwenye ziwa. Alipotoka jeshini akaajiriwa Mashamba, mgodi wa Kolwezi, kwenye pampu za kutoa maji shimoni. "Ningali baharia," alikuwa akisema, "ila meli yangu haitembei." Mama alipofariki, alinilea peke yake. Alinisuka nywele kwa mafundo ya kamba za meli... Shuleni walinicheka, lakini hazikufumuka wiki tatu.

Niliolewa na Mkatanga wa kaskazini. Hapa niwaeleze jambo. Kwetu mzazi halali chini ya paa la mkwe wake, ni mwiko. Lakini nilipojifungua binti yangu na damu ikakataa kukoma, mume wangu mwenyewe alimwita baba, akakaa kwetu siku nne akiniuguza. Mume wangu akatoa kuku wa kufuta mwiko, mambo yakaisha. Mkumbukeni kuku huyo.

Kisha ukaja mwaka wa kufukuzana. Wenyeji wa Katanga wakawaita watu wa Kasai bilulu, yaani wadudu. Majirani waliokula bukari, ugali wetu, wakaimba mlangoni kwa baba kwamba arudi kwao. Kwao wapi, wakati alizaliwa kambi ya mgodi, kule kule Kolwezi?

Mume wangu alikuwa ameahidiwa nafasi ya fundi mkuu mgodini, mtu wa Kasai aliyefukuzwa. Akaniambia: "Kilulu kimoja kikionekana humu, kazi yangu imekwisha. Na weye utakifuata."

Mchana mmoja baba akaja. Nyumba yake ilikuwa imechomwa. Alivaa kofia yake nyeupe ya jeshi, mkononi kisanduku kilichofungwa kamba. Nyuma yake vijana wa mtaa walipiga makopo, wakimwita tata, yaani baba, kwa dhihaka: "Tata baharia, ogelea mpaka Kasai!"

"Mama," akaniambia, kwa kuwa nina jina la mama yake, "unipe pembe ya jikoni tu, mpaka hasira yao ipoe."

Mume wangu alikuwa amekaa ndani, akinitazama...

Nikasema: "Tata, unajua mwiko. Baba halali kwa mukwe."

Baba alimkumbuka yule kuku. Nami nilimkumbuka. Akavua kofia, kama mtu aliye mbele ya mkubwa wake.

"Ni kweli, mama. Mwiko ni mwiko."

Akaenda stesheni. Watu walikaa pale wiki nyingi wakingoja treni, mvua ikiwanyeshea, kuhara kukiwaua. Sikwenda kumwona hata mara moja. Mume wangu aliipata nafasi yake. Mgodi ulipodorora na mshahara kukatika, alinifukuza. Sababu? Eti mimi ni binti wa kilulu.

Miaka ilipita, akarudi mwanamke mmoja aliyesafiri na baba. Alinieleza kwamba juu ya mabehewa baba aliwafunga watoto wa watu kwa mafundo yake, asianguke hata mmoja. Yeye kuhara kulimmaliza kabla ya Lubudi. Wakamzika kando ya reli, kofia kifuani.

"Tulimuuliza kama hana mutoto Kolwezi," akasema. "Akajibu: 'Niko naye mutoto. Alinifungulia mulango. Ni mi nilikatala kulala kwa mukwe.'"

Angenilaani, labda ningepumzika...

Ndugu zangu, mila ziliwekwa kulinda heshima ya mzazi. Siku mtakayozitumia kumfungia mlango, mjue mmekwisha kuwa waongo. Mfungulieni, hata kama nyumba nzima inawatazama kwa chuki. Kazi niliyoilinda ilikwisha, na mume niliyemwogopa ana mke mwingine.

Binti yangu, yule aliyezaliwa baba akaniuguza siku nne, ananiita nikakae kwake. Mkwe wangu amekwisha kuchinja kuku wa kufuta mwiko. Namwambia nitakuja, nikishaliona kaburi la baba. Kila asubuhi natembea kando ya reli nikilitafuta, na bado silioni.